Aliyeitika kwa Niaba ya Chumba cha Tatu

Jina lake la utani nililisababisha mimi, ingawa sikulikusudia. Nilikuwa nikifundisha darasa la sita, na kila asubuhi niliita mahudhurio nikiwa nimeinamia daftari, kalamu mkononi, bila kuinua macho. Niliita jina, sauti ikajibu "nipo", nami nikaweka alama. Muhula mzima niliamini kwamba darasa langu halikuwa na mtoro hata mmoja. Ndipo siku moja msichana mwembamba wa dawati la tatu, ambaye kwa kawaida alikuwa kimya kama maji ya mtungini, alisimama akauliza kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Nani kaitika?"

Nikainua macho. Jina nililokuwa nimeliita lilikuwa la mvulana wa karibu na dirisha, na kiti chake kilikuwa kitupu. Aliyeitika alikuwa jirani yake, kwa sauti aliyoibana puani ili ifanane na ya mwenzake.

Kuanzia hapo akaitwa Nani Kaitika. Watoro walimwita hivyo kwa hasira, wengine kwa mzaha, na baadaye watu wote kwa mazoea, hata wasiojua chanzo chake. Jina lilimfuata chuoni, likamfuata kazini, na likaingia naye katika ndoa. Mume wake ni fundi wa nguo, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Mkewe akibisha hodi jioni, yeye huuliza kutoka kwenye cherehani, "Nani?" Akisikia "mimi", hujibu, "Huyo mimi nimemsikia. Hebu nimwone uso kwanza." Wamefanya hivyo miaka kumi na minane na bado wanacheka.

Nani Kaitika ni fundi wa mtandao wa kompyuta katika kituo cha kuhifadhi mbegu. Ni jengo refu lenye korido moja, na kando ya korido hiyo kuna vyumba vitano vya baridi kali. Ndani ya vyumba hivyo, katika pakiti za karatasi ya kung'aa zilizopangwa kwenye trei, mbegu zimelala. Husemi "zimewekwa" ukiwa pale; kila mtu husema "zimelala", naye husema kwa sauti ya chini. Katika nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, punje ya mtama inaweza kulala miaka mingi kuliko umri wa aliyeivuna, kisha ikaamshwa kwa maji na ikainua kichwa kana kwamba ilisinzia mchana mmoja tu. Aliwahi kuniambia kwamba akipita koridoni asubuhi, huku mashine za baridi zikinguruma polepole nyuma ya kuta, huhisi anatembea kwenye nyumba ambayo wenyewe hawajaamka, na hujikuta akinyanyua visigino.

Mwenye funguo za vyumba hivyo ni mama mmoja mtu mzima anayeitwa Bibi Koti. Huvaa koti zito la kijivu hata jua likiwa utosini, kwa kuwa nusu ya siku yake huishia kwenye baridi. Zamani, kituo kilipofungwa kwa siku kadhaa, mashine ya chumba kimoja ilizimika na hakuna aliyejua. Trei kumi na moja ziliharibika, nazo zilikuwa za mtama ambao wakulima walikuwa wameshaacha kuupanda. Bibi Koti alichukua punje mia akazilaza juu ya karatasi yenye maji, akazingoja wiki tatu. Hakuna hata moja iliyochipua. Tangu hapo, kila kituo kinapofungwa, yeye hubaki. Huketi koridoni kwenye kiti cha mbao na chupa ya chai, akinyanyuka kila saa kusoma joto mlangoni.

Ana dada yake mkubwa anayeishi mwendo wa siku nzima kwa basi, ambaye afya yake si ya kutegemea tena. Mwaka huu dada huyo alimpigia simu akamwambia, "Endelea kuzilinda mbegu zako, mdogo wangu. Siku ukija utakuta na mimi nimeshapandwa." Bibi Koti alicheka, kisha akakata tiketi. Kituo kingefungwa Ijumaa hadi Jumatano, na basi lilikuwa liondoke Ijumaa saa kumi alasiri.

Alithubutu kukata tiketi kwa sababu ya kazi ya Nani Kaitika. Kila chumba kina kipima joto kilichounganishwa na mtandao, na katika ofisi ya fundi kuna programu inayovifuatilia vifaa vyote. Kwenye skrini kila kifaa ni nukta moja. Kikijibu, nukta ni ya kijani; kikinyamaza, inageuka nyekundu. Na ikiwa chumba kimepata joto au kifaa kimekaa kimya, programu hutuma ujumbe kwenye simu ya Bibi Koti, popote alipo, na kwenye simu ya mlinzi aliye umbali wa dakika mbili kwa miguu.

Jumanne ya wiki hiyo umeme ulikatika, na uliporudi seva moja ya zamani haikuamka. Hapana budi nieleze seva hiyo ilifanya nini. Mashine za mtandao hujuana kwa namba, lakini sisi binadamu hupenda majina. Seva ya majina, ambayo mafundi huiita DNS, ndiyo hujua kwamba "chumba cha tatu" ni namba fulani, mithili ya karani wa mapokezi anayejua nani anakaa mlango upi. Seva hiyo hiyo ndiyo iliyogawa namba kwa vifaa, na ndiyo iliyobeba ile programu ya ufuatiliaji. Ilipokufa ilikufa na vyote vitatu.

Nani Kaitika akatafuta ruta ndogo ya kugawa namba kwa muda, akaiweka programu upya kwenye kompyuta nyingine, na Ijumaa asubuhi akaketi kusajili vifaa kumi na tisa, kimoja kimoja. Aliandika jina la cha kwanza. Programu ikamjibu: "Jina halijulikani." Akaandika la pili. "Jina halijulikani." Seva mpya ya majina ilikuwa ifike wiki iliyofuata.

Hili halikumtisha. Namba zile alikuwa nazo kichwani kwa miaka sita, kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani. Chumba cha kwanza arobaini na moja, cha pili arobaini na mbili, cha tatu arobaini na tatu. Akaacha majina, akaandika namba, kisha pembeni ya kila namba akaandika kwa mkono wake jina la kuonekana kwenye skrini. Nukta zikawaka moja baada ya nyingine. Nje ya dirisha mtunza bustani alikuwa akimwagilia maji, mwanga wa asubuhi ukapita kwenye maji hayo na kuchezacheza juu ya ukuta wa ofisi, na kwa muda mrefu hapakuwa na sauti isipokuwa ya vidole vyake na ile ngurumo ya mbali. Anasema ilikuwa kama kuwasha taa katika mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, bila kuondoka kitini.

Alipofika arobaini na tatu, programu ilisita. Ikaandika: "Kifaa kinaitika lakini hakijitambulishi. Kiongezwe hivyo hivyo?"

Alidhani ni nywila iliyobadilika umeme ulipokatika. Alidhani vipimo vya joto vingekuja baadaye. Akabonyeza "ndiyo", na nukta ikawa ya kijani.

Saa tano Bibi Koti aliingia, koti likiwa wazi kifuani, na begi dogo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje na mashine zako?"

"Salama. Mbona koti liko wazi leo? Nimezoea kukuona umefungwa kama kifurushi."

"Kifungo kimenikimbia juzi. Nimekitafuta hadi kwenye viatu." Akavuta kiti, akaikabili skrini, akahesabu nukta kwa kidole bila kugusa kioo. "Kumi na tisa. Zote zipo?"

"Zipo."

"Umeziona?"

"Zimeitika, mama."

Bibi Koti akakishusha kidole. Kisha akageuka polepole. "Zimeitika. Na unayeniambia hivyo ni wewe?"

Nani Kaitika anakiri kwamba masikio yake yalipata moto. Alisikia sauti yake mwenyewe ya utotoni, ikitoka dawati la tatu. Aliitazama ile nukta ya arobaini na tatu, ambayo ilikuwa ya kijani sawasawa na nyingine, na ambayo pembeni yake hapakuwa na kipimo chochote cha joto.

"Kaa hapo hapo," akamwambia. "Usiondoe macho kwenye skrini. Mimi nakwenda kuchomoa waya za vipima joto, mlango kwa mlango. Nikichomoa, nukta ya chumba hicho lazima iwe nyekundu. Ikiwa nyekundu unaniambia kwa simu, narudisha waya, nasonga mbele."

"Kama mwalimu anayemgusa kila mtoto bega."

"Ndivyo mwalimu wangu alivyoanza kufanya baadaye," akajibu, na ni kweli.

Akashika korido. Alifungua kisanduku cha chumba cha kwanza, akachomoa waya, akasubiri huku simu ikiwa sikioni. Pumzi ya Bibi Koti ilisikika upande wa pili, tulivu, kama ya mtu anayesoma.

"Imekuwa nyekundu," alisema Bibi Koti.

"Narudisha."

"Kijani tena."

Chumba cha pili kikawa vivyo hivyo. Koridoni hapakuwa na mtu. Wengi walikuwa wameshaanza kufunga ofisi. Mwanga ulianguka sakafuni katika vipande virefu kutoka madirisha ya juu, naye alipita ndani yake na kutoka, ndani yake na kutoka, hata akawa hana hakika kama anatembea yeye au vile vipande ndivyo vinavyompita. Akafika chumba cha tatu. Akachomoa.

"Nimechomoa, mama."

"Kijani."

"Subiri kidogo."

Wakasubiri. Alihesabu hadi sitini, akahesabu tena.

"Bado kijani, mwanangu. Inaniangalia tu."

Nani Kaitika alisimama na waya mkononi, ncha yake ikining'inia hewani. Kilichotakiwa kuwa kimya kilikuwa kinajibu. Alirudisha waya, akarudi ofisini kwa mwendo wa haraka ambao korido ile haikuuzoea, akaandika ile namba kwenye kivinjari ili aone ni nani hasa anayeishi pale. Ukurasa ukafunguka taratibu. Juu yake paliandikwa: "Karatasi zimekwisha. Tafadhali jaza trei namba mbili."

Bibi Koti akainama kusoma. "Chumba changu kinaomba karatasi?"

"Hii ni printa ya karani."

Karani alikuwa akijiandaa kuondoka. Aliwaona mlangoni wote wawili, akaweka mikono kiunoni. "Dada, printa yangu imefanya nini tena?"

"Imeitika kwa niaba ya chumba cha tatu."

"Hiyo? Hiyo hata ikiitwa kwa kazi yake mwenyewe haiitiki. Leo imepata wapi bidii?"

Jibu lilikuwa rahisi, na lilimuuma fundi. Ruta ndogo ilipowashwa, vifaa viliiomba namba, na vingi vikabahatika kupata zile zile za zamani. Ruta haikujua desturi za nyumba; ikampa namba kila aliyetangulia kuomba. Printa iliomba kabla ya kipima joto cha chumba cha tatu, ikachukua arobaini na tatu. Kipima joto kikapewa namba nyingine asiyoijua mtu. Naye, kwa kuziamini namba za kichwani, aliweka alama ya mahudhurio huku ameinamia daftari, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Wakarudi kwenye chumba cha tatu. Kipima joto kina uso mdogo wa kioo na kitufe kimoja. Akakibonyeza: sitini na moja. Hiyo ndiyo namba yake mpya. Akabonyeza tena ili aone joto, akakisogelea kioo.

"Kinasemaje?" Bibi Koti akauliza.

"Kumi na mbili chini ya sifuri."

"Kumi na nane."

"Kumi na mbili, mama. Njoo usome."

Bibi Koti hakusoma. Alipiga magoti pale pale mbele ya mlango, mwanamke wa miaka yake, akaweka kiganja sakafuni. Chini ya mlango kulikuwa na uzi mwembamba wa ukungu, unaotoka ndani na kupotea kwenye vigae, mwembamba kiasi kwamba mtu aliyesimama asingeuona. Akaufungua mlango nusu, akapitisha kidole kwenye mpira unaouziba, kutoka bawaba hadi pembeni. Kidole kikagota. Akakivuta kitu, akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa kifungo cha kijivu, chenye matundu manne, kimepata barafu upande mmoja.

Aliufunga mlango, na safari hii ulifunga kwa ule mlio mzito wa kunyonya hewa. Kisha akaenda kuketi kwenye kiti chake cha mbao.

"Miaka yote nimekaa hapa nikimngoja mwizi," akasema. "Kumbe mwizi nimemvaa."

Nani Kaitika alichutama kando yake. "Zimeharibika?"

"Kwa siku mbili, hapana. Zimegeuka ubavu tu usingizini." Akakigeuza kifungo vidoleni. "Lakini joto lingeendelea kupanda. Ningekuwa kwa dada yangu nakunywa uji, simu iko kimya, nami nasema, alhamdulillahi, simu iko kimya. Jumatano ningekuta zimeamka gizani, hazina pa kwenda." Akatazama koridoni. "Siendi, mwanangu. Mpigie simu yule dada yangu, mimi sitaweza kumwambia."

"Nipe saa mbili kwanza."

"Za nini?"

"Za kuangalia sura."

Alirudi kwenye skrini, akaifuta ile nukta ya uongo, akaandika sitini na moja. Programu ikauliza, na safari hii kifaa kikajitambulisha chenyewe, kwa jina ambalo Nani Kaitika alikipa siku alipokifunga ukutani, na papo hapo pembeni ya nukta kikatokea kipimo: kumi na mbili na nusu chini ya sifuri. Akakiwekea kila kipima joto namba ya kudumu ndani yake, ili kisije kikaomba tena na kupewa mlango wa mwingine. Printa akaipa namba ya mbali kabisa. Kisha akaianza korido upya, mlango wa kwanza hadi wa tano, na baada ya milango vifaa vingine vyote, akichomoa na kurudisha, na Bibi Koti akasoma skrini kwa sauti ambayo mwanzoni ilikuwa kavu, halafu ikaanza kulainika. Walipofika tena kwenye chumba cha tatu, akachomoa, na kabla hajasema neno akasikia kwenye simu mlio mfupi wa ujumbe.

"Ujumbe unasema nini?"

Bibi Koti alisoma polepole, neno kwa neno. "Chumba cha tatu hakipatikani." Kisha akaongeza, "Nyekundu kama pilipili. Haya, kirudishe, usikitese."

Ilikuwa saa nane na nusu. Karani alipita kuaga, akachungulia, akamwambia fundi kwamba printa yake sasa inajiona mkubwa na imegoma rasmi. Wote wawili walikuwa wanatazama kipimo. Kumi na nne. Baridi ilikuwa inarejea chumbani kama mtu anayeingia kwa kunyata asiwaamshe wengine.

"Leta koti," Nani Kaitika akasema.

"La nini? Huko ninakokwenda hakuna baridi."

"Kwani unakwenda?"

Bibi Koti alilivua. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kumwona bila koti, naye alionekana mdogo, mabega membamba, kama punje iliyotolewa kwenye ganda. Nani Kaitika ana sindano na uzi kwenye droo ya meza, maana mke wa fundi wa nguo hawezi kukosa. Alikausha kifungo kwenye sketi yake. Akatoa njiti ya kiberiti, akailaza juu ya kifungo kati ya matundu, ili uzi upite juu yake na kifungo kisibanwe na kitambaa kizito. Hivyo ndivyo mume wake alivyomfundisha: kifungo cha koti kipewe shingo, kisichokuwa na shingo hukatika upesi.

Sindano ikaingia na kutoka. Kumi na tano. Mtunza bustani alikuwa ameshaondoka, na maji aliyoacha kwenye majani yalituma mwanga mdogo ukutani, ukitetemeka. Kumi na sita.

"Na usiku ikitokea kitu?" Bibi Koti akauliza, akiwa amegeukia dirisha.

"Simu yako italia, ya mlinzi italia, na yangu nimeiongeza. Kila siku hadi Jumatano nitakuja mwenyewe, nitachomoa na kurudisha mlango kwa mlango, halafu nitakupigia nikuambie nilichokiona. Sitakuambia nilichosikia."

"Utakuja kweli, au utamtuma printa?"

"Nitakuja, mama."

Bibi Koti akachukua simu, akaminya namba taratibu. "Dada," akasema baada ya muda. "Ndiyo, ni mimi. Mimi mwenyewe. Niandalie mahali pa kulala." Akasikiliza, akacheka kwa pua. "Hapana, usiamke kunipokea. Nitabisha, nawe ufungue uone."

Kwenye skrini kipimo kilifika kumi na saba, kikaendelea kushuka. Nani Kaitika alichomoa ile njiti ya kiberiti, akakivuta kifungo juu kidogo, akazungusha uzi chini yake mara sita, akafunga fundo upande wa ndani, kisha akaukata uzi kwa meno.